Mipigo Miwili au Minne: Ushuhuda wa Fundi wa Omurushaka

Mtu akifika karakana kwangu Omurushaka kuniuliza anunue chombo cha mipigo miwili au cha mipigo minne, namrudishia maswali matatu. Utakiendesha njia ipi? Oili utanunua kwa nani? Siku kikigoma, nani atakifungua? Wengi huduwaa kidogo, maana walikuja wakitegemea nizungumzie mwendo na nguvu. Kazi yangu ni kufungua injini zilizokufa, na katika hizo, zilizokufa kwa upungufu wa nguvu ni chache mno. Nyingi zilikufa kwa sababu zilidai matunzo ambayo mwenyewe, kwa maisha anayoishi, asingeweza kuyatoa. Anayechagua injini anachagua matunzo. Hilo nimeliona kwa macho na kulishika kwa mikono, na ndilo ninaloshuhudia kwa wenzangu wa wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Ufundi niliujifunzia kwenye tustroki, yaani mipigo miwili. Wakati huo mwenye pikipiki huku kwetu alikuwa padre au mchungaji, bwana shamba, au mganga wa zahanati. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Karagwe, mashirika ya misaada nayo yalikuja na vyombo vyake, na kambi zilipofungwa mwishoni mwa 1996 baadhi ya pikipiki zile zikabaki mikononi mwa watu wa hapa. Niliyoipenda kuliko zote ni Yamaha AG100. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba: cheni yake imefunikwa yote isile vumbi wala matope, ina keria mbele na nyuma, na ina tangi dogo la oili peke yake, na pampu inayoipeleka oili hiyo ikutane na petroli ndani ya injini. Bwana shamba aliyekuwa nayo aliweza kutoka Kayanga asubuhi, akapita Nyaishozi na Bweranyange, akarudi jioni na mkungu wa ndizi aliopewa zawadi.

Niieleze injini yenyewe, kwa sababu kila ninachokisema baadaye kinatoka hapo. Katika mipigo miwili, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekamilika: moto unawaka kila kranki inapozunguka. Hakuna valvu kwenye hedi, hakuna kemshafti, hakuna taiming cheni. Pistoni yenyewe, inapopita, ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya kuingiza petroli na kutoa moshi. Katika mipigo minne, pistoni huvuta, hugandamiza, husukuma, kisha hutoa moshi, na moto huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Kwa hiyo injini mbili zenye ukubwa sawa hazitoi nguvu sawa. Ya mipigo miwili ni nyepesi, ina vyuma vichache, na mkono ukivuta mafuta inaruka papo hapo.

Kwa fundi wa kijijini, tustroki ilikuwa rahisi kuliko chochote. Nilikuwa naishusha hedi chini ya mparachichi kwa spana chache, nachomoa bloku, naangalia pistoni na ringi, nakwangua masizi kwenye tundu la eksozi, narudisha, na mwenyewe anaondoka kabla ya jua kuzama. Gasketi ya chini tuliikata kwa karatasi ngumu. Mtu asiyejua kupima valvu wala kufunga taiming aliweza kuwa fundi mzuri wa injini hizo. Ndiyo maana wazee wengi wa gereji bado wanazitetea, na utetezi wao una msingi.

Ila urahisi huo unamhusu fundi. Mwenye chombo ana hesabu nyingine. Injini ya mipigo miwili haina oili inayokaa chini ikizunguka na kurudi. Oili inaingia pamoja na petroli, inapaka kranki, beringi na pistoni, kisha inaungua na kutoka. Kilichopita kimepita. Oili ikikosekana hata kwa safari moja, pistoni hupata joto, hutanuka, hukwaruza ukuta wa silinda, na injini hukamata. Gurudumu la nyuma hufunga ghafla. Vijana niliowafundisha kuendesha tustroki niliwaambia wasiondoe vidole viwili juu ya klachi, kwa sababu injini ikikamata mwendoni, klachi ndiyo inayoamua kama utasimama au utaanguka.

Sasa fikiria hali ya kununua mafuta huku. Kayanga na Omurushaka kuna vituo, na pampu ya oili ya AG100 ikiwa nzima hakuna tatizo. Lakini pampu inapochakaa, wengi huiziba na kuanza kuchanganya kwa mkono. Ukifika ndani, tuseme Mabira au Bugomora, petroli mara nyingi inauzwa kwa chupa mezani kando ya barabara. Oili ya 2T, ile ya mipigo miwili, huenda ipo, huenda haipo. Mchanganyiko wa 1 kwa 50 unataka mililita 100 za oili katika lita 5 za petroli. Wa 1 kwa 25 unataka mililita 200. Anayemimina kwa kukadiria kwa jicho hukosea pande zote mbili: akizidisha, plagi inalowa na eksozi inaziba masizi, akipunguza, anaunguza injini. Na 2T ikikosekana, hutiwa oili nzito ya gari, ile ya SAE 40, ambayo haikutengenezwa iungue vizuri. Nimeng'oa ringi zilizogandana na pistoni kwa sababu hiyo mpaka nikalazimika kuzivunja vipande vipande.

Kisha ipo milima. Sehemu kubwa ya wilaya hizi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na vilima vyetu vingi hupita 1,500. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Kabureta iliyowekwa kwa ajili ya Dar es Salaam ikifika Kayanga inamimina petroli kupita hewa iliyopo, plagi inageuka nyeusi, na mtu anadhani amenunua chombo kibovu, kumbe jeti ndiyo inayotaka kubadilishwa. Hilo linazipata aina zote mbili. Kinachoiumiza mipigo miwili peke yake ni mteremko.

Chukua njia ya kushuka kuelekea bonde la mto Kagera upande wa Murongo. Dereva wa tustroki ya kuchanganya anaachia mafuta kabisa, gia imeingia, na chombo kinashuka kwa uzito wake huku kranki ikizunguka kwa kasi. Mafuta yamefungwa, na oili iko ndani ya mafuta, kwa hiyo injini inazunguka haraka huku ikipata oili kidogo mno. Dawa yake ni kuvuta mafuta kidogo kila baada ya muda, au kushika klachi na kuiacha injini itulie. Lakini ukishika klachi, umebaki na breki peke yake, na breki za drami zikipata joto kwenye mteremko mrefu hulegea. Injini ya mipigo miwili hata ikiwa kwenye gia haizuii mwendo sana. Ya mipigo minne ukiiweka gia ya pili inakushikilia mpaka bondeni, na oili yake inaendelea kuzunguka. Kwa mtu anayeshuka na abiria mjamzito anayewahi Nyakahanga hospitali, tofauti hiyo ni ya uhai.

Fostroki, yaani za mipigo minne, zilitujia kwa wingi miaka ya 2000. Kwanza zilikuja za Kichina, SanLG na Toyo na T-Better, kisha Boxer na TVS kutoka India zikajaa kila kijiwe. Hapo bodaboda ikawa ajira. Wateja wangu wakabadilika: bwana shamba na mchungaji wakapungua, akaja kijana anayeishi kwa hesabu. Asiyejua mambo haya naomba anielewe. Mara nyingi kijana wa bodaboda hana chombo chake. Ana mkataba: mwenye pikipiki anamkabidhi, yeye analeta hesabu kila siku au kila wiki, na muda ukitimia bila deni, chombo kinakuwa chake. Siku pikipiki ikilala gereji, hesabu haisimami. Kwa hiyo kwake, injini nzuri ni ile inayotumia petroli kidogo na kuwaka kila asubuhi.

Hapo mipigo minne inashinda waziwazi. Katika mipigo miwili ya kabureta, tundu la kuingizia na la kutolea moshi huwa wazi kwa wakati mmoja, na sehemu ya petroli mpya hutorokea kwenye eksozi kabla haijaungua. Mwenye chombo analipia mafuta ambayo hayakumsukuma hata hatua moja. Ya mipigo minne haina hasara hiyo kwa kiasi kile. Tena inavuta ikiwa taratibu. Ukibeba magunia ya kahawa kutoka Kimuli au mikungu ya ndizi kutoka Kihanga, unapanda kilima gia ya kwanza bila kuilazimisha ipige kelele, wakati tustroki ndogo inataka kuzungushwa sana ndipo itoe nguvu.

Nayo ina magonjwa yake, na ugonjwa mkubwa ni sifa yake. Watu wamesikia kwamba fostroki haifi, basi wanaisahau. Boxer inabeba kama lita moja tu ya oili, na lita hiyo hupaka pistoni, hupaka kemshafti kule juu, huhudumia gia na klachi, na hupoza. Ikishuka nusu, kule juu ndiko kunakokauka kwanza. Dereva anasikia mlio wa kugonga, anauzoea, anaongeza sauti ya redio. Akinifikia, kemu imelika, taiming cheni imelegea, na valvu hazifungi tena. Kinachoniuma zaidi ni wanaotia oili chafu iliyokwisha kutolewa kwenye gari, kwa sababu ni ya bei ndogo. Oili ile imebeba unga wa chuma na masizi. Ukitaka kuua injini ya mipigo minne, njia ya haraka ndiyo hiyo. Na marekebisho ya valvu si ya kukadiria kwa jicho. Nafasi yake hupimwa kwa sehemu chache za mia za milimita, kwa kipimo cha bamba, injini ikiwa baridi. Fundi asiye na bamba hilo asiguse.

Lipo na vumbi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, barabara ya kutoka Omurushaka kupita Nkwenda hufunika majani ya migomba kwa wekundu. Vijana wengine wanang'oa chujio la hewa wakidhani chombo kitapumua vizuri. Vumbi lile ni mchanga laini, na linakula silinda ya aina zote mbili bila ubaguzi. Hapa sichagui upande: chujio lisafishwe, lirudishwe.

Mwaka fulani kijana wa kwetu anayeishi Ulaya aliniandikia. Alitaka kuleta pikipiki ya magurudumu manne ya michezo, aikimbize kwenye vilima vya nyasi akija likizo, na akaniomba nimchagulie kati ya Yamaha Banshee na Yamaha YFZ450. Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu ni swali lile lile la gereji yangu likiwa limevaa nguo za mashindano.

Banshee iliingia sokoni mwaka 1987. Ina silinda mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 347, mipigo miwili, inapozwa kwa maji, inawashwa kwa kiki. Enzi hizo Honda nayo ilikuwa na TRX250R, na Suzuki ilikuwa na LT250R, zote mipigo miwili, na waendeshaji wa michezo duniani walidhani hakuna njia nyingine. Kisha sheria za moshi zikabana, hasa Marekani, na watengenezaji wakahamia mipigo minne: Honda TRX400EX ikatoka kwa mwaka 1999, YFZ450 kwa mwaka 2004, na Banshee ikaacha kuuzwa Marekani baada ya 2006. Kwenye pikipiki za motokrosi hali ilikuwa hiyo hiyo, na kanuni za mbio zenyewe zinaonyesha tofauti ya nguvu: ya mipigo miwili yenye 125 ilipangwa kundi moja na ya mipigo minne yenye 250.

Kijana yule alikuwa amekwisha kuamua moyoni. Alisema, "Fundi, nachukua YFZ, maana ni fostroki kama Boxer, haitakusumbua." Hapo nikamzuia. Kuna fostroki ya kazi na fostroki ya mashindano, na kinachofanana ni idadi ya mipigo tu. Boxer ina valvu mbili, inapozwa kwa upepo, na haizunguki sana. YFZ450 ilitoka na valvu tano za titani katika silinda moja, mgandamizo mkubwa, maji ya kupozea, na oili inayopaswa kubadilishwa kwa kuhesabu pia saa za kuendesha, si kilomita tu. Valvu zake zikichakaa, hedi yote iko hatarini, na spea yake haiko Kayanga, haiko Bukoba, na Kampala utaitafuta kwa kuagiza. Banshee ikiungua, nahitaji pistoni, ringi na mtu wa kuchonga silinda. Ni gharama, lakini ni gharama ninayoielewa, na mashine ya kuchongea silinda inafikika.

Nilimwambia hivi. Kama utakuwepo mwenyewe, ukapima oili kwa mikono yako, ukatumia 2T nzuri uliyokuja nayo, na ukakubali kufungua injini mapema kuliko majirani zako, chukua ya mipigo miwili. Itakupa furaha ambayo nyingine haitoi, na ikiharibika tutaitengeneza hapa hapa. Kama utaiacha kwa ndugu waiendeshe usipokuwepo, chukua ya mipigo minne iliyo nyepesi kwa tabia, ya aina ya TRX400EX, inayopozwa kwa upepo na yenye stata ya umeme. Ya mashindano halisi usiilete kabisa. Nikamkumbusha pia kwamba chombo cha michezo hubeba mtu mmoja na upana wake hupita mita moja, na njia zetu za kupita vibanjani zimechongwa na mguu wa mtu na gurudumu moja.

Kuna wanaoniambia tustroki imekwisha, niache kuizungumzia. Waingie msituni siku ya kupasua mbao. Chensoo zote zinazounguruma Karagwe ni mipigo miwili, na zina haki ya kuwa hivyo. Mpasuaji anaigeuza ubavu, anaielekeza juu, anaishusha chini, na injini haikosi oili kwa kuwa oili iko ndani ya petroli. Weka mipigo minne ya kawaida mahali pale, oili yake ingekimbilia upande mmoja na injini ingekamata. Tena mpasuaji anapima mchanganyiko wake mwenyewe kila asubuhi, kwa chupa yenye alama. Injini yake inadumu kwa sababu mkono unaoilisha ndio mkono unaoitumia. Pikipiki ya mkataba inapita mikononi mwa kijana wa mchana, mdogo wake wa usiku, na rafiki aliyeazima kwenda msibani. Injini inayotaka mkono mmoja mwaminifu haiwezi kuishi humo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nausema mbele ya yeyote. Kwa kazi ya kila siku katika wilaya zetu mbili, kwa abiria, kwa kahawa, kwa ndizi, kwa mkataba, nunua mipigo minne iliyo rahisi, inayopozwa kwa upepo, ambayo spea zake unaziona zimening'inia dukani kwa macho yako. Kwa mchezo, kwa mtu mmoja anayejua anachokifanya, mipigo miwili bado ni injini ya heshima. Anayenunua kwa kutazama rangi na mlio anatupa fedha ya familia. Huku kwetu fedha hiyo mara nyingi ni ya kahawa, na wapo waliouza butura, kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya hasara, ili wapate ya kulipia pikipiki. Siwezi kuitazama fedha ya namna hiyo ikiteketea kwa lita moja ya oili nikanyamaza.

Ukienda kununua chombo kilichotumika, nenda injini ikiwa baridi, na mkatalie muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla hujafika. Ya mipigo minne, chomoa kijiti cha oili utazame rangi na kiasi, kisha iwashe: moshi wa bluu usiokwisha injini ikishapata joto maana yake ringi au sili za valvu zimechoka. Ya mipigo miwili, moshi kidogo wa bluu ni kawaida yake, kwa hiyo usikutishe. Sikiliza ikiwa imetulia. Ikipandisha mzunguko yenyewe bila wewe kuvuta mafuta, yamkini inavuta hewa, na mara nyingi ni oili sili za kranki zimekwisha. Hewa ile inapunguza petroli, na petroli ikipungua oili nayo imepungua. Kanyaga kiki taratibu usikie mgandamizo: ikishuka bila upinzani, bei ishuke pamoja nayo. Kisha muulize muuzaji oili ananunua duka gani na mara ya mwisho alibadilisha lini. Akijibu bila kufikiri, akataja duka na siku, kaa muongee bei. Akianza kutazama pembeni, chukua fedha yako urudi nayo nyumbani.